Muulize fundi wa chapa: ukurasa wa 22 umefikaje ubavuni mwa wa 3?

Mwezi huu mfuko wa barua umejaa vijitabu. Sijui ni msimu wa harusi na mahafali au ni nini, ila karibu kila aliyeandika analia kilio kimoja, yaani kachapa kijitabu, kakikunja, kurasa zikamgeuka. Nimechukua barua tano. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu maana wengi wenu mmo humo humo.

*Shikamoo fundi. Mimi ni katibu wa kwaya huku Dodoma, nimepewa kazi ya kutengeneza kitabu cha nyimbo kwa ajili ya uzinduzi, kurasa 22, nakala 150, karatasi ya A4 ikunjwe katikati. Nimetumia Word. Nilikaa siku mbili nahamisha kurasa kwa mkono, nikaweka wa 22 jirani na wa 1, wa 21 jirani na wa 2, hivyo hivyo mpaka katikati, halafu kijana wa steshenari akaniambia nichague Booklet pale kwenye kuprinti. Ikatoka vurugu tupu, wimbo unaanzia huku kiitikio kiko mwisho wa kitabu. Nikarudia bila kuhamisha kitu, kurasa zikafuatana ila nyuma ya kila karatasi maandishi yako miguu juu kichwa chini, na picha ya kanisa niliyotaka iwe jalada la nyuma imetokea ndani. Uzinduzi ni wiki tatu zijazo.*

Marahaba katibu. Wiki tatu ni nyingi, tulia. Una makosa matatu tofauti yaliyokuja siku moja, ndio maana unaona kama mashine imerogwa.

La kwanza ulilijibu mwenyewe bila kujua. Ulipanga kurasa kwa mkono, halafu printa nayo ikazipanga tena, ndio ikazaliwa ile vurugu. Na hapa nitasema kitu ambacho nakiamini kabisa na nimewagombeza vijana wengi kwa ajili yake: ndani ya faili lako kurasa zikae jinsi mtu atakavyosoma, 1, 2, 3, 4 mpaka mwisho, basi. Usimhamishe mtu. Ukihamisha leo kwa mkono, kesho mwalimu wa kwaya anakuambia ongeza wimbo mmoja katikati, siku zako mbili zinakuwa nne. Kazi ya kupanga iachie hatua ya mwisho kabisa, wakati wa kuprinti.

Ila ni vizuri ukajua printa inafanya nini, usije ukawa unabonyeza tu kwa imani. Chukua karatasi 6 nyeupe za A4, zipachike pamoja, zikunje katikati, ushike kalamu uandike namba kwenye kila ukurasa kama unavyofungua kitabu, 1 kwenye jalada, 2 ndani yake, mpaka 24. Sasa zifungue uzitawanye mezani. Utaona karatasi ya nje ina 24 na 1 upande mmoja, na 2 na 23 nyuma yake. Ya pili ina 22 na 3, nyuma 4 na 21. Ya tatu 20 na 5, nyuma 6 na 19. Inaenda hivyo mpaka ya ndani kabisa yenye 14 na 11, na nyuma yake 12 na 13, hiyo ndiyo karatasi pekee ambayo kurasa mbili jirani zinafuatana kwelikweli. Jumlisha majirani wowote, utapata 25, yaani idadi ya kurasa kujumlisha moja. Kitabu cha kurasa 16 watajumlisha 17, cha 40 watajumlisha 41. Ukiona majirani wawili hawatoi jumla hiyo ujue kuna kitu kimekwenda kombo hata kabla hujakunja. Hicho kitabu cha kalamu mimi mpaka leo nakitengeneza kwa kazi yoyote ambayo sijaizoea, hakigharimu kitu.

Umeona pia nimekuambia karatasi 6 na kurasa 24 wakati wewe una 22. Karatasi moja ikikunjwa inatoa kurasa 4, hakuna namna ya kuikunja ikatoa 2, kwa hiyo kijitabu cha pini ni lazima kigawanyike kwa 4. Hapo ndipo picha ya kanisa ilipopotelea. Wewe ulileta 22, programu ikaona zinapungua mbili, ikaongeza kurasa mbili nyeupe mwishoni maana haijui wewe unataka nini, basi wa 24 ambao ndio jalada la nyuma ukawa mweupe na picha yako iliyoko wa 22 ikabaki ubavuni mwa wa 3. Dawa yake ni wewe kuamua kurasa nyeupe zikae wapi. Weka moja nyuma ya jalada, yaani ukurasa wa 2, na nyingine iwe wa 23, picha iende wa 24. Au ukiona hasara kuacha weupe jaza orodha ya nyimbo na majina ya wanakwaya, watu wanapenda kuona majina yao.

Hayo ya miguu juu ndiyo rahisi kuliko yote na ndiyo yanayomaliza karatasi za watu. Pale kwenye kuprinti mbele na nyuma huwa kuna sehemu mbili za kuchagua, kugeuza kwa upande mrefu wa karatasi au upande mfupi. Barua ya kawaida iliyosimama inageuzwa kwa upande mrefu na printa nyingi zinakuja hivyo kutoka kiwandani. Kijitabu A4 imelala, kwa hiyo kinageuzwa kwa upande mfupi. Kwa Kiingereza cha kwenye skrini tafuta neno *short edge*. Badilisha hapo tu, usiguse kingine.

Sasa kuhusu Word. Ukifungua mipangilio ya ukurasa, pale pa pembezoni kuna sehemu ya kurasa nyingi, chagua *Book fold*, yenyewe italaza karatasi na utaandika moja kwa moja kwenye nusu ya A4 ambayo ni A5. Fanya hivyo kabla hujaanza kuchapa maneno, maana watu wengi wanaandika kwenye A4 nzima kwa herufi saizi 12 halafu wanaipunguza ili iingie kwenye nusu, na A4 ikipunguzwa kuwa A5 inabaki asilimia 71 hivi, ile 12 inakuwa kama 8 na nusu. Wazee wa sauti ya nne watashika kitabu mkono umenyooka mpaka mwisho. Au acha Book fold kabisa ufanye kama mimi: tengeneza faili la ukubwa wa A5, kurasa kwa mfuatano wa kusoma, toa PDF, halafu hiyo PDF ifungue na Acrobat Reader ya bure na uchague Booklet kwenye kuprinti. Ila chagua njia moja. Book fold ndani ya Word na Booklet ya printa kwa pamoja ndiyo ile ile kupanga mara mbili tena.

Halafu nakala 150. Karatasi 6 mara 150 ni 900, rimu mbili zinatosha na 100 zinabaki za kuharibu, na utaharibu, nunua zote mbili. Kama printa ya hapo steshenari haiprinti nyuma yenyewe, tafadhali usitoe mbele za kitabu kizima mara 150 halafu ukageuza mlima wote. Mimi nilifanya hivyo miaka ya ujana wangu kwenye kiwanda kimoja kidogo, ratiba za harusi, printa ikavuta karatasi mbili kwa pamoja mahali fulani katikati, kuanzia hapo kila mgongo ukawa na uso usio wake na mimi sikuona mpaka nimefika mwisho. Shemeji ya bwana harusi alinisubiri mlangoni. Pale kwenye Booklet ya Acrobat unaweza kuchagua karatasi ya ngapi mpaka ya ngapi na upande upi, kwa hiyo toa karatasi ya 1 mbele nakala 150, geuza rundo lile, toa nyuma yake, weka pembeni. Kisha ya 2. Ukikosea unaharibu rundo moja. Kwanza kabisa jaribu nakala moja na uweke alama ya penseli kwenye kona ili ujue printa inageuza vipi, kila printa ina tabia yake. Na karatasi zikitoka za moto zimejikunja kidogo ziache zipoe uzipepete ndio uzirudishe, la sivyo zitakwama.

Faida nyingine ya kutoa rundo kwa rundo ni kwamba ile karatasi ya 1, yenye 24, 1, 2 na 23, unaweza kuichapa kwenye manila au karatasi nzito ya rangi, na ukapata jalada bila kutengeneza faili lingine.

*Niaje mkubwa. Niko Nairobi, nina kibanda cha kuprinti karibu na River Road. Kastoma ameleta notes za marudio, kurasa 96 za A5, nikapanga na InDesign, ile Print Booklet, ikatoka poa. Shida mbili. Pini hazishiki, na nikipeleka kwa mashine ya kukata ukingo, namba za kurasa za katikati zinakatwa nusu ilhali za mwanzo ziko sawa. Na nimeziweka mahali pamoja kwa kila page, nimepima.*

Poa kijana. Umepima sawa, karatasi ndiyo inayokudanganya.

Karatasi ya gramu 80 ina unene wa kama milimita 0.1, mtu anaona hiyo si kitu. Lakini wewe umepachika karatasi 24 moja ndani ya nyingine, kila moja inakaa juu ya mgongo wa zile za nje, na ile ya ndani kabisa inasukumwa mbele na unene wa 23 zote, hapo umefika zaidi ya milimita 2, na mkunjo ukiwa mlegevu inazidi. Kunja tu uangalie kwa ubavu kabla ya kukata, utaona ukingo umechongoka kama mdomo wa kasuku. Mashine ya kukata ikishuka inanyoosha ule mdomo, na anayekatwa ni wa katikati. Kwa hiyo kurasa zako za 48 na 49 kwenye kitabu kilichokatwa ni nyembamba kuliko wa 1.

InDesign ina sehemu ya kurekebisha hilo kwenye hiyo hiyo Print Booklet, imeandikwa *Creep*. Unaweka kipimo, mara nyingi namba ya hasi, nayo inavuta kurasa kuelekea mgongoni kidogo kidogo jinsi inavyoingia ndani. Lakini usinitumie namba yako nikuambie ni ngapi, kunja karatasi zako mwenyewe 24, pima ya ndani imechomoza kiasi gani, ndiyo hiyo. Na namba za kurasa usizibandike ukingoni, acha angalau milimita 10 kutoka pale kisu kinapopita, wabunifu wa siku hizi wanapenda kila kitu kikae pembeni kabisa halafu lawama anapata mwenye kisu.

Ila kwa kazi yako mimi nisingehangaika na hiyo. Pini za kawaida za 24/6 ni za karatasi kama 20 hivi, wewe una 24 na pengine jalada la manila juu, zitapinda tu. Na hata ukipata stepla kubwa, kitabu cha pini chenye kurasa 96 hakikubali kulala kimefungwa, kinafumbuka chenyewe mezani. Una njia mbili. Moja ni gundi mgongoni: unakata kurasa zote kama majani mamoja mamoja, unazipaka gundi na kuzungushia jalada, na kwa njia hiyo hupangi kijitabu cha kukunja kabisa. Ya pili, ambayo kwa notes za wanafunzi naipenda zaidi maana kitabu cha gundi mbaya kinamwaga kurasa kabla ya mtihani, gawanya ziwe vijitabu sita vya kurasa 16 kila kimoja, karatasi 4 tu, halafu uvishone kwa uzi mgongoni ndio upake gundi. Cha kwanza kina 16 na 1 nje, jumla 17. Cha pili kinaanza na 32 na 17, jumla 49. Cha tatu 48 na 33, jumla 81. Karatasi 4 hazichomozi kiasi cha mtu kugundua. Kwenye Print Booklet una uwezo wa kutaja kurasa za kuanzia na kuishia, kwa hiyo unatoa 1 mpaka 16, kisha 17 mpaka 32, unaendelea. Anayetumia Word atakuta kwenye Book fold sehemu imeandikwa idadi ya karatasi kwa kila kijitabu, chagua 16, na usishangae, maneno yanasema karatasi lakini namba zile ni za kurasa. Hilo limewachanganya wengi na mimi nikiwemo.

*Assalam alaikum. Mimi ni mwalimu wa madrasa hapa Unguja. Tumetayarisha kijitabu cha dua, kurasa 16, Kiarabu kitupu. Nimekiprinti kama kijitabu, kila kitu kimekaa sawa isipokuwa kinafunguka kama kitabu cha Kiswahili. Ukikishika kwa upande wa kulia kama msahafu unaanza na ukurasa wa mwisho. Nimejaribu kuwaambia watoto wasome kinyume, wamecheka sana.*

Waalaikum salaam maalim. Wana haki ya kucheka.

Programu nyingi zimezoea mgongo uwe kushoto. Kitabu cha Kiarabu mgongo wake uko kulia, kwa hiyo majirani ni wale wale na jumla ni ile ile 17, kinachobadilika ni nani akae upande gani. Karatasi yako ya kwanza kwa nje imetoka 16 kushoto na 1 kulia, ilitakiwa 1 iwe kushoto na 16 kulia, na nyuma yake 15 kushoto na 2 kulia. Acrobat Reader ukichagua Booklet kuna sehemu ya kuuliza mgongo uko wapi, *Binding*, weka kulia. Kwenye Word badala ya Book fold chukua ile ya chini yake iliyoandikwa *Reverse book fold*, ndiyo kazi yake hasa. Usijaribu kupindua mpangilio wa kurasa ndani ya faili, nimeshasema hapo juu kwa katibu wa kwaya, na kwa Kiarabu ndio balaa zaidi maana ukikata na kubandika aya unaweza kuharibu na irabu zake.

Mkija kutoa toleo lenye tafsiri ya Kiswahili amueni kwanza mgongo uko wapi kabla ya mtu kuchapa hata neno moja. Kama dua ndiyo asili na Kiswahili ni maelezo chini yake, uwe kulia. Kama ni kitabu cha Kiswahili chenye aya chache za Kiarabu, kushoto. Ninavyoona mimi kwa watoto wa madrasa kulia ni sawa zaidi, mkono wao umeshazoea.

*Fundi habari. Natunza kumbukumbu za shule moja Mwanza. Tangu 2011 ratiba za mahafali na jarida la shule natengeneza kwa Publisher, yenyewe inajipanga kijitabu bila shida. Nasikia inafungwa, ni kweli? Nina mafaili zaidi ya mia.*

Ni kweli. Microsoft wametangaza kwamba Oktoba 2026 ndiyo mwisho wa Publisher, na wanaolipia Microsoft 365 hawataweza kufungua mafaili yake baada ya hapo. Ile ya kununua mara moja iliyoko kwenye kompyuta yako haitakuwa na msaada wala marekebisho tena.

Kwa hiyo anza leo, mafaili matano kila siku ya kazi, utamaliza. Kila moja litoe PDF, na angalia PDF itoke kwa mfuatano wa kusoma, si ile iliyokwisha pangwa 24 na 1. Ile iliyopangwa inafaa kuprinti tu, mzazi akitumiwa kwenye WhatsApp ataona mwisho na mwanzo vimebebana. Ukiwa na ya kusoma unaweza kuipanga kijitabu wakati wowote, ya kupangwa kuirudisha ni kazi ya kukata vipande. Yale unayoyarekebisha kila mwaka, kama ratiba ya mahafali, yajenge upya kwenye Word au LibreOffice, ambayo kwenye kuprinti ina *Brochure* na inafanya kazi ile ile. LibreOffice inajaribu hata kufungua mafaili ya Publisher yenyewe, ila picha na maboksi yanahama, ichukulie kama njia ya kuokoa maneno tu. Scribus nayo ni ya bure na ni nzuri kwa jarida, kupanga utafanya nje kwa ile PDF. Mimi nilianza kazi hii kwa PageMaker, nayo ilikuwa inajenga kijitabu vizuri tu, leo mafaili yangu ya wakati ule yamebaki majina. Yaliyopona ni yale niliyotoa PDF.

*Nauliza kifupi, stepla yangu haifiki katikati ya A4 na ile ndefu hapa Mtwara sijaiona dukani. Nifanyeje? Ni kitabu cha kikundi chetu cha akina mama, karatasi 5.*

Mama, fungua stepla yako iachie mdomo kabisa, ile sehemu ya chini iondoke. Tandika kipande cha boksi nene au kandambili ya zamani chini, weka kijitabu kikiwa wazi, jalada likiangalia juu, gonga pini kwenye mstari wa mkunjo mara mbili, moja juu moja chini. Inua taratibu, geuza, miguu ya pini imetokea upande wa ndani, ilaze kwa mgongo wa kijiko. Jalada liangalie juu lakini, ukigonga kutoka ndani ncha zitabaki nje zikiwachoma.